Aliyejazia Umeme Uliopungua

Hewa iliyotoka nyuma ya kompyuta ilikuwa ya baridi.

Mtu asiyejua kompyuta angeshukuru. Lakini huyu alikuwa fundi, na fundi yeyote anajua kwamba mashine ikifanya kazi ngumu hupumua moto. Ukiweka kiganja nyuma yake, unakiondoa haraka. Yeye alikiweka, akakiacha, na kilipoanza kufa ganzi ndipo alipokitoa na kukikunja kwapani. Nje jua la mchana lilikuwa linaunguza mabati. Nyuma ya meza ya mkewe palikuwa na baridi ya friji iliyoachwa wazi.

"Vipi, inawaka?" mkewe aliuliza akiwa mlangoni.

"Inawaka."

"Umepima wati lakini?"

"Mimi? Hebu jisikilize. Unamuuliza nani kama amepima wati?"

Mkewe akacheka, akaomba radhi kwa utani, akaenda zake jikoni. Mume akabaki amechuchumaa pale nyuma ya meza, akiona aibu, kwa sababu hakuwa amepima.

Wateja walimwita Fundi Wati, na jina hilo alilitafuta mwenyewe kwa mdomo wake. Hakuna mtu aliyewahi kutoka dukani kwake na kadi mpya ya picha, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuchora na kuchezesha michoro mizito, bila kusomewa mahubiri kwanza. "Kadi hii inakula," angesema, akiwa ameishika juu. "Soma boksi lake, linataka pawa saplai, yaani kile kisanduku cha kuilisha kompyuta umeme, cha wati ngapi. Kisha fungua kompyuta yako usome lebo ya pawa saplai uliyonayo. Ikipungua, usijaribu, utaunguza vyote. Ikitosha, tazama matundu. Kadi ikiwa na matundu mawili ya umeme, kila tundu lipate waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Kuna waya mmoja wenye vichwa viwili, huo usikudanganye. Punda mmoja habebi mizigo ya punda wawili." Wateja walikuwa wakimalizia sentensi hiyo pamoja naye.

Sasa kinyozi hajinyoi. Mkewe alikuwa mchoraji wa majengo, na alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote: kuchora zahanati ambayo bado haijajengwa, tena picha za kutembea, mtu aone anaingia mlangoni, anapita koridoni, anachungulia wodi. Kadi yake ya zamani iligoma. Mume akatamba mbele ya mkewe na mbele ya mama aliyemzaa yeye mwenyewe, aliyekuwa akiishi nao, kwamba kesho kazi inaanza. Akaleta kadi mpya. Alipofungua kompyuta ndipo macho yake yalipogongana na lebo: pawa saplai iliyomo ilikuwa ya wati mia nne na hamsini, na boksi la kadi lilitaka mia sita na hamsini. Waya wa kadi ulikuwa mmoja tu, wa vichwa viwili.

Angeweza kufunga kompyuta na kusema, jamani, nimesahau kupima. Lakini ni nani alitaka kusikia Fundi Wati amesahau wati nyumbani kwake? Akachomeka vichwa vyote viwili, akafunga mfuniko, akaupiga kofi dogo. "Haya," akasema, "umeme usipotosha, mtajazia wenyewe humo ndani."

Ni mzaha wa mafundi. Alikuwa ameshausema juu ya mashine nyingi, zote zilizokuwa zimeshiba. Juu ya mashine yenye njaa ya kweli hakuwahi kuusema.

Na mashine iliwaka. Haikuzima ghafla, haikutoa moshi, picha za zahanati zikawa zinateleza kama maji. Akachomeka kipimo chake ukutani aone inavuta umeme kiasi gani, kikamwonyesha wati za kuwasha balbu moja. Akakichomoa, akakipuliza, akakirudisha. Balbu moja. Kazi ya kuvunja mgongo ilikuwa inafanyika pale juu ya meza, na umeme wa kuifanya haukuwa unatoka ukutani.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mkewe alitoka kwenda kuonana na wenye zahanati. Fundi akabaki kuilinda mashine, kwa sababu picha ndefu ilikuwa inachakatwa na haikutakiwa kukatizwa. Upande wa pili wa ukuta mama yake alikuwa kitandani akibishana na redio, kama kawaida yake. Mama yule hakumwacha msoma habari amalize. "Uongo!" ungemsikia. "Jana ulisema nini, na leo unasema nini?" Nyumba ilikuwa imezoea.

Mara kioo cha kompyuta kikafifia. Feni zikapunguza mwendo, zikawa zinazunguka moja moja, na kutoka ndani ya kasha kukatoka sauti ya chini, ya adabu, sauti ya mtu wa kazini anayemwendea mkubwa wake na tatizo.

"Bosi. Hautoshi."

Fundi aliinama akasogeza sikio kwenye kasha. Alijiambia ni spika.

"Bosi, hautoshi. Ulisema nijazie, nikajazia kwa wangu, umekwisha. Nijazie kutoka wapi?"

"Popote," akasema.

"Popote si mahali, bosi. Nichukue kwako?" Na kitu cha baridi kikatua juu ya goti lake chini ya meza, kitu chenye uzito wa kiganja, na goti likaanza kuisha nguvu.

"Mimi nina kazi!"

"Kwa mkeo?"

"Naye ana kazi. Hii ni kazi yake."

"Basi nani hapa hana kazi?"

Angeweza kuvuta plagi. Angeweza kukimbia. Angeweza hata kusema, basi, acha, izimike, iungue, nitasema ukweli. Yote hayo aliyafikiria baadaye, na aliyafikiria sana. Lakini wakati ule goti lilikuwa linakufa na kilichokuwa kichwani mwake kilikuwa kuliokoa goti, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye ukuta wa chumba cha pili, na akasikia sauti yake ikisema:

"Mama... mama amepumzika tu."

"Ahsante, bosi."

Goti likapata joto. Kioo kikang'aa. Upande wa pili wa ukuta mama yake alianza tena kumkemea msoma habari, na hakumalizia.

Jioni ile mama aliomba blanketi. Kesho yake mchana, watu wakijipepea kwa magazeti, akaomba la pili. Mkewe Fundi alimshika mikono, akamwita mume wake pembeni.

"Mama ana baridi, baridi isiyo ya kawaida. Hebu mshike."

"Uzee," akasema Fundi, bila kwenda kumshika.

"Uzee wa siku moja?"

Wakampeleka kwa daktari. Presha nzuri, damu nzuri, sukari nzuri, kifua safi. Daktari aliandika vidonge vya kuongeza nguvu na akashauri ale vizuri. Na kweli, siku ile ya kwenda kwa daktari mashine ilikuwa imepumzika, na mama akarudi akitembea mwenyewe, akimsimanga dereva kwa kuendesha vibaya. Waliporudi mkewe Fundi akakaa mezani, akawasha, picha zikaanza kuchakatwa, na kabla chai haijachemka mama alikuwa ameegemea ukuta wa koridoni, anatafuta pa kukaa.

Fundi aliona. Hakuna aliyehitaji kumfundisha hesabu ile. Mashine ikiwaka, mama anazimika. Na bado hakusema, kwa sababu picha zilikuwa zimebaki chache, kwa sababu mkewe alikuwa anaimba akifanya kazi, kwa sababu ukweli ungemtoka pamoja na ule mwingine, wa goti, na ule hakuweza kuufikiria bila kuona haya hata akiwa peke yake. Akawa mwema kupita kiasi. Alimnunulia mama soksi. Alimkanda. Alimlisha uji kwa kijiko, na kila kijiko alichokiinua kilikuwa kizito mkononi mwake kuliko vyote alivyowahi kuinua, maana mama alikuwa anasema ahsante.

Kisha kukaja jambo la harufu. Mama alikuwa akipaka miguu dawa ya kuchua yenye harufu kali, inayofika mpaka mlangoni kabla yake. Sasa mama hakuwa na harufu yoyote. Fundi aliinama shingoni mwake kumfunika, akanusa, hakunusa kitu, si dawa, si sabuni, si jasho. Akaingia chumba cha kazi, akainama nyuma ya kompyuta palipotoka ile hewa baridi, na dawa ya kuchua ikampiga puani ikamtoa machozi.

Na ukikaa kimya, feni zikiwa zinazunguka, chini ya mlio wao ulisikika mlio mwingine, wa mtu anayevuta kinywaji kwa mrija, taratibu, bila haraka, na mrija ukianza kukaribia chini ya glasi.

Siku ya kumalizia kazi, jua likiwa linaanza kushuka, mkewe alipiga kelele kutoka chumba cha mama. Fundi alikuta kikombe kimeanguka. Mama amekaa kitandani, macho wazi, midomo ya kijivu, anajaribu kusema jambo na pumzi haifiki. Redio ilikuwa inasema peke yake.

"Anaondoka," mkewe alinong'ona. "Mume wangu, mama anaondoka."

Fundi alikimbilia chumba cha kazi, akarukia ukuta, akashika plagi na kuivuta kwa nguvu zote mpaka akaanguka chali nayo mkononi, na pale sakafuni, plagi ikiwa kifuani mwake na meno yake matatu yakimtazama, akaona kwamba kioo bado kinang'aa, kwamba feni bado zinazunguka, kwamba koridoni mwa ile zahanati isiyojengwa picha bado inatembea, inapita mlango baada ya mlango, inaingia wodi, na katika wodi ambayo mkewe aliichora na vitanda vitupu kulikuwa na kitanda kimoja chenye mtu aliyefunikwa mablanketi mawili, na ile picha ilikuwa inamsogelea mtu yule taratibu, huku kutoka ndani ya kasha mrija ukivuta, ukivuta, ukigugumia chini kabisa ya glasi.

"Inakaribia kwisha, bosi," ile sauti ikasema kwa adabu. "Nani anafuata?"

Akatoka mbio, akamshika mkewe mabega. "Nilikudanganya. Sikupima. Umeme hautoshi, haujawahi kutosha. Kuna kitu humo ndani kinajazia, kinachukua kwa mama. Nilikiita mimi, kwa mzaha."

Mke hakupoteza muda kumgombeza. Alimtazama tu, mtazamo mfupi ambao mume aliubeba siku nyingi, kisha akachukua simu akampigia mganga.

Mganga alikuja upesi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alionekana amekerwa kuitwa. Hakubeba kibuyu wala hakuvaa shanga. Alimwendea mama kwanza, akampapasa paji la uso, akanusa nywele zake. Kisha akaingia chumba cha kazi, akanusa nyuma ya kompyuta, akavuta kiti.

"Leteni maji," akasema.

"Maji hapana!" Fundi alipiga kelele. "Umeme huo, mama!"

"Nina kiu, kijana. Nimetembea haraka."

Akaletewa, akanywa. "Mashine siijui," akasema. "Huyu aliyemo namjua. Huyu hakuvamia. Huyu ameajiriwa. Nani alimpa kazi?"

"Mimi," akasema Fundi, na akaeleza mzaha wake.

"Hapo ulimwita. Lakini jini akiitwa huuliza. Hawezi kugusa mtu mpaka aonyeshwe. Nani alimwonyesha mama?"

Mke alimtazama mganga, akamtazama mumewe. Fundi alihisi lile jibu limekaa nyuma ya meno, limekaa tayari, na alichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo tu.

"Labda," akasema, "alichagua mwenyewe. Mama ni mzee."

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena. "Labda," akasema, na hakulisema kama mtu aliyeamini. "Haya. Aliyeita ndiye atakayeachisha. Fungua hilo kasha. Ushike waya uliompa. Umwambie: mwache mama, chukua kwangu. Atahamia. Akishahamia, ung'oe waya kabla hajakumaliza. Mkono wako wewe. Sisi hatugusi."

"Na nikichelewa?"

"Usichelewe."

Alifungua mfuniko. Ndani mwa kompyuta, pembeni kote, kulikuwa na umande. Akapitisha mkono, akaushika waya ule mmoja pale ulipogawanyika kuwa vichwa viwili, akamsikia mkewe nyuma yake akilia bila sauti, akasema, "Mwache mama. Chukua kwangu."

Haikuwa kama mshtuko wa umeme, ambao alikuwa ameshaupata mara nyingi na hauogopi, ilikuwa kama mtu anayefunguliwa bomba kisiginoni, kila kitu kikaanza kushuka, joto la tumbo, nguvu ya mapaja, uzito wa ulimi, kumbukumbu ya alichokula asubuhi, na vidole vyake vikatafuta ule ulimi mdogo wa plastiki unaoshikilia kichwa cha waya, ule unaopaswa kubonyezwa kwanza ndipo kichwa kitoke, jambo alilolifanya kila siku ya maisha yake bila kuangalia, na sasa vidole havikubonyeza, vilikuwa vya mtu mwingine, vilikuwa vya mama yake siku zile zote aliposhindwa kushika kikombe huku yeye akimtazama, na alipolijua hilo akauma midomo, akabonyeza kwa mkono wa pili juu ya wa kwanza, kichwa kimoja kikatoka, na sauti ya adabu sikioni mwake ikauliza, "Una hakika, bosi? Kazi haijaisha," naye akang'oa cha pili.

Feni zikasimama. Kioo kikawa cheusi. Kitu kikapita kati yao kuelekea dirishani, kikaacha ubaridi kwenye mashavu yao, na pazia likavutika nje likarudi.

Kutoka chumba cha pili kukaja sauti nyembamba lakini yenye hasira. "Nani kapunguza redio yangu?"

Mkewe Fundi alikaa sakafuni, akacheka na kulia pamoja.

Mganga aliaga bila hotuba. Mlangoni alimwambia Fundi peke yake, "Kuna kitu umebakiza. Mimi sikidai." Akaenda zake.

Kazi ya zahanati ilipelekwa na picha pungufu, na wenyewe wakazipokea hivyo hivyo. Fundi alifunga pawa saplai mpya, yenye wati za kutosha na za akiba, kila tundu na waya wake. Akaweka kiganja nyuma ya kompyuta na hewa ikamchoma; akaiacha imchome. Mama alianza kula. Mkewe aliwasimulia majirani na ndugu, na kila aliyesimulia aliishia pale pale: "Akasema, mwache mama, chukua kwangu! Mwana huyo! Nani leo anaweza kusema hivyo?" Wanawake walimwombea. Wazee walimshika mkono kwa mikono miwili. Wateja dukani walipunguza utani, wakaanza kumwita kaka. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, na hakuwa na pa kuutolea, kwa sababu kuutoa kungemaanisha kusema maneno yale manne aliyomjibu jini siku ile ya goti.

Alasiri moja mkewe alikuwa ametoka, naye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anamchua mama mguu kwa ile dawa. Harufu ilikuwa imerudi, kali, nzuri. Mama alipunguza redio mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Huu ukuta mwembamba, mwanangu," akasema.

Mikono ya Fundi ikasimama.

"Endelea kuchua. Siku ile nilisikia sauti inakuuliza. Nikafikiri una mgeni. Nikapunguza redio nisikie ni nani."

"Mama."

"Nikasikia ulivyomjibu."

Alitaka kupiga magoti, lakini mguu wa mama ulikuwa mapajani mwake, na hakuweza kuinuka bila kuuangusha. Akainamisha kichwa. Machozi yakachanganyika na dawa. "Nisamehe, mama. Niliogopa. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Mtoto akiogopa humsukuma mama mbele, wewe si wa kwanza." Akatafuta pumzi, maana bado ilikuwa fupi. "Sikuumia kwa kuchukuliwa. Niliumia kwa kulala hapa nikisubiri uje. Mlango ule pale, hatua chache tu. Ungeufungua ukaniambia, mama, umeme haujatosha. Ungeniomba, mwanangu. Ningekupa nguvu yote niliyonayo, na ningekupa nikicheka. Kwa nini uliniiba?"

Mama hakusubiri jibu. Alivuta ule mguu, akaongeza sauti ya redio, akamnyooshea wa pili.

"Na huu," akasema. "Huu haujapata joto bado."

Fundi akamimina dawa kiganjani, akaushika. Akauchua mpaka habari zikaisha, mpaka mikono yake yote miwili ikawaka moto, na mguu ukabaki vile vile.